Tiara ya Nguvu ya Kwanza: Maneno ya Kijiweni na Ukweli Wake

Tiara ya nguvu haina undugu wa karibu na kile kishada cha karatasi na njiti tulichokimbia nacho utotoni. Ni bawa la kitambaa lenye kamba mbili, tatu au nne. Linaweza kumburuta mtu mzima, kuvuta kigari cha magurudumu matatu au, baharini, kumkimbiza mtu juu ya ubao. Wala si jambo la juzi: mwaka 1826 George Pocock wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya gari lililovutwa na tiara badala ya farasi.

Mtu wa Arusha au Moshi aghalabu huiona kwa mara ya kwanza Paje, Unguja. Anarudi bara na hamu yake, kisha anakwenda kutafuta ushauri kijiweni, kwa watu ambao hawajawahi kushika kamba zake. Hapo kila mazungumzo huanza na swali moja: inavuta kiasi gani? Mimi namshauri mnunuzi mgeni aanze na jingine: inazimwaje?

“Nunua kubwa kabisa, utaizoea”

Hii ndiyo dhana inayoumiza wengi, na chanzo chake ni mazoea yetu ya kununua sare ya shule inayomzidi mtoto, ataikulia. Tiara haikusubiri ukue. Siku ya kwanza inavuta kwa nguvu zake zote, na wewe huna hata mbinu moja ya kuipunguza.

Hesabu yake si ngumu. Mvuto huongezeka sambamba na eneo la kitambaa: tiara ya mita za mraba 6 huvuta takriban mara mbili ya ile ya 3, upepo ukiwa uleule na maumbo yakifanana. Upepo wenyewe una hesabu kali zaidi, kwa sababu nguvu yake hupanda kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukifika 30, mvuto haujawa mara mbili, umekuwa mara nne. Hata upepo ukiruka tu kutoka 15 hadi 22, jambo ambalo hutokea ndani ya sekunde moja, tayari umeshikilia zaidi ya mara mbili ya ulichokuwa nacho. Mwenye tiara ndogo atapiga hatua tatu mbele na kucheka. Mwenye tiara ya mita 6 atakuwa chini, kifudifudi, akiburutwa juu ya changarawe.

Kwa mtu mzima anayeanza, tiara ya kamba mbili ya mita za mraba 1.5 hadi 2 inatosha kabisa, au ya kamba nne ya takriban mita 3. Upepo wa kujifunzia uwe kati ya kilomita 12 na 20 kwa saa. Kama huna kipimo, tazama miti: majani na vijitawi vinacheza bila kutulia, bendera nyepesi imenyooka. Vumbi na makaratasi yakianza kuruka na matawi madogo kuyumba, upepo umevuka 20, na mgeni akunje vitu vyake arudi nyumbani.

Tazama na umbo. Bawa refu na jembamba lina kasi na linapendeza machoni, lakini hujikunja ovyo upepo ukiyumba. Bawa fupi na pana ni pole na husamehe makosa. Chukua hilo.

“Basi ndogo haina madhara, mpe hata mtoto”

Hapana. Tiara huvuta kwa upepo inaokutana nao, na humo imo kasi yake yenyewe ikikata hewa. Ndogo hugeuka upesi, kwa hiyo mivuto yake huja kwa mshtuko. Ya mita 1.5 katika upepo mkali inaweza kumwangusha baba mtu, sembuse mwanawe.

“Nina kilo 90, hainibebi”

Haihitaji kukubeba. Sehemu kubwa ya mvuto huja kwa mlalo, pale tiara inapopita mbele yako usawa wa kifua, upepo unakoelekea. Kinachokushikilia hapo ni soli za viatu, na kwenye vumbi la kiangazi soli hazina msaada mkubwa. Ikiwa juu ya kichwa chako, au pembeni kabisa kushoto au kulia, mvuto hupungua sana. Jifunze kuipeleka huko kabla ya kujifunza kitu kingine chochote.

“Kuna jamaa Paje anauza yake kwa bei ya kutupa”

Hili lina utamu wake, ndiyo maana nalitilia mkazo. Paje kuna tiara nyingi zilizotumika: mita 9, mita 12, zenye ukingo wa mbele unaojazwa upepo kwa pampu. Ukilinganisha bei na tiara mpya ya kujifunzia iliyoagizwa nje, unaona umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Lakini chombo hicho kiliundwa kwa kazi nyingine. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliwasilisha maombi ya hataza ya tiara ya kujazwa hewa mwaka 1984. Shabaha yao ilikuwa tiara inayoelea ikianguka majini na kuruka tena kutoka hapohapo. Kila kitu chake kinategemea maji. Ukubwa wake umepimwa kwa mtu anayeteleza juu ya ubao, akiifuata tiara yake badala ya kushindana nayo. Tena haishikwi kwa nguvu za mikono. Hufungwa kiunoni kwa mkanda maalumu. Upepo wa kaskazi na wa kusi unaofika Paje umesafiri juu ya bahari bila kugonga kitu, kwa hiyo huwa umetulia kuliko huu wetu unaozungukazunguka Meru na Kilimanjaro. Na ukianguka kule, unaangukia maji.

Ichukue tiara hiyohiyo ya mita 12 uifungue kwenye tambarare ya Monduli. Ardhi ni ngumu, upepo hauna adabu, na wewe umefungwa nayo kiunoni. Watu wenye ujuzi wa miaka wameumia kwa mchanganyiko wa namna hiyo.

Ikiwa lengo lako ni kwenda kuteleza baharini siku moja, kuna njia ya wastani: tiara ndogo ya kitambaa kitupu, mita 2 hadi 3, yenye ufito wa kushikia na kamba tatu. Ile ya tatu ni ya usalama. Ukiachia ufito, kamba hiyo pekee ndiyo inabaki mkononi, na tiara hulala chini bila nguvu. Mkono utazoea mwendo uleule utakaoukuta kwa mwalimu wa Paje, na utakuwa umepunguza saa za kumlipa.

“Kamba mbili ni za kitoto, nne za wataalamu”

Tofauti si cheo. Kamba mbili zinafundisha usukani: vuta kushoto, inakwenda kushoto. Ni rahisi kuelewa na kuifungua haichukui muda. Ubaya wake, nyingi hazina breki. Ikishuka kwa pua unatembea hadi ilipo kuigeuza, na ukiachia vishikio bila kikanda cha usalama inaweza kwenda zake mpaka barabarani.

Kamba nne zinaongeza breki mbili nyuma ya bawa. Kwa breki unaishusha polepole, unairusha kinyumenyume ikiwa imelala, na unaizima. Tafuta ile yenye vikanda vya kufunga kwenye vifundo vya mikono vilivyounganishwa na kamba za breki. Ukiachia vishikio, breki zinakazwa zenyewe na bawa linapoteza umbo. Muuzaji akikuambia vikanda hivyo ni hiari, vinunue vyote viwili. Kwa maoni yangu mtu mzima mwenye subira aanze na kamba nne moja kwa moja, hasa kwa upepo wa huku.

“Mkanda wa kupandia mlima unatosha”

Dhana hii ni ya Moshi zaidi, maana maduka ya kukodisha vifaa vya mlima yako kila kona, na mkanda wa kamba na karabina, zile pete za chuma za kuunganishia kamba, hupatikana kirahisi. Mtu anachoka mikono, anawaza: si nijifunge tu?

Mkanda wa mlima ulitengenezwa usikuachie kamwe. Karabina yake, ikiwa imevutwa kwa uzito, haifunguki kwa kidole. Mkanda wa tiara una kifyatuo kinachofunguka hata kikiwa kimebeba mzigo wote. Mgeni hahitaji hata huo. Mikono ikichoka, ni dalili njema kwamba muda wa kupumzika umefika. Kofia ngumu ndiyo ya kuazima mlimani, au hata ya bodaboda.

“Arusha iko juu, hewa nyepesi, ongeza ukubwa”

Nusu ya maneno haya ni kweli. Arusha mjini iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13. Moshi, iliyo chini zaidi, tofauti ni kama asilimia 8. Lakini kumbuka ule mraba: upepo ukipanda kutoka kilomita 15 hadi 16 tu, upungufu wa Arusha umeshafidiwa. Hakuna haja ya kununua mita mbili za ziada kwa ajili ya kilomita moja.

Kinachopaswa kukusumbua ni usafi wa upepo. Nyuma ya kizuizi hewa huvurugika kwa umbali wa mara saba ya kimo chake au zaidi. Safu ya miti ya mita 15 pembeni mwa shamba la kahawa inaharibu zaidi ya mita 100 za uwanja. Kwa hiyo viwanja vya shule vilivyozungukwa na miti, na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulivyozingirwa na majukwaa, viache kwa wachezaji wa mpira. Kwenye tambarare za wazi, saa za jua kali huleta kisulisuli. Ukiona nguzo ya vumbi inatembea, ishushe tiara na uiachie; usisubiri kuona itaelekea wapi. Wingu la mvua na radi halina mjadala, unafunga.

Kuna na ubishi wa mahali. Tambarare zetu nzuri ndizo zilizochukuliwa na ndege: uwanja wa Arusha uko Kisongo, KIA uko katikati ya safari ya kwenda Moshi, na Moshi yenyewe ina uwanja wake mdogo. Njia za ndege kutua na kuruka uzikae mbali. Nyaya za TANESCO vilevile: kamba za mita 20 au 25 zifikirie kama duara, na waya wowote uwe mbali sana na duara hilo, kwani kamba yenye unyevu inaweza kupitisha umeme. Ukienda upande wa Monduli, wasalimie wazee na uombe ruhusa. Bawa jekundu likifunguka mbele ya kundi la ng'ombe, utakuwa na mengi ya kuwaeleza wenyewe.

“Kamba ni kamba, nitafunga ya nailoni”

Nailoni hurefuka ikivutwa, kwa hiyo tiara inachelewa kukusikia na breki hazishiki. Kamba zake halisi ni za nyuzi kama Dyneema: nyembamba, hazirefuki sana, na zinateleza kiasi kwamba zikijisokota mara mbili tatu bado unaongoza. Ubaya wa wembamba huo ni kwamba zinakata nyama. Usizishike kwa mkono zikiwa zimekazwa, na usiruhusu mtu apite kati yako na tiara, achilia mbali bodaboda.

“Ikichanika ndiyo basi”

Huku tuna bahati. Kitambaa chake ni kile chembamba chenye miraba midogo kinachotumika kwenye mahema ya mlimani, na mafundi wa mahema wa Moshi wanakijua. Ukinunua iliyotumika, ishike mbele ya jua utafute matundu, na kisugue kitambaa vidoleni: kikiwa kimelegea kama kitambaa cha mfukoni, jua limekimaliza. Kisha funga ncha zote za kamba kwenye mti mmoja, uzivute pamoja. Zikitofautiana urefu kwa sentimita chache, usikimbilie kuikataa tiara. Kamba zimevutika tu, na mafundo yake yanasogezwa hadi zilingane.