Mboga za milimani za Japani: maswali na majibu kuhusu usalama wake

Sansai ni mboga za aina gani?

Ni mimea inayojiotea milimani, mabondeni na kandokando ya vijito, ambayo Wajapani huichuma hasa theluji inapoyeyuka na mimea kuanza kuchipua. Maarufu ni warabi na zenmai, ambayo ni machipukizi ya kangaga yaliyojikunja nchani. Kuna fuki, wenye majani mapana na shina linaloliwa, na tara no me, kichipukizi cha mti wa miiba kinachochovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa. Tarehe 7 Januari watu hupika uji wa wali uliotiwa mimea saba, mitano ya porini na miwili ya shambani, yaani tanipu na figili.

Nyingi kati ya mboga hizi zina uchungu, na wenyewe wanaupenda. Aliyekulia kwenye mchunga na mnavu hatashangaa.

Nimesoma kwamba warabi husababisha saratani. Mbona watu wanaila?

Warabi mbichi ina sumu, hilo halina ubishi. Kemikali yenyewe huitwa ptakilosidi, na ilitambuliwa mwaka 1983. Ng'ombe wanaolishia kangaga hii kwa muda mrefu hukojoa damu na kuota uvimbe kwenye kibofu. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Zingatia neno "huenda". Ushahidi kwa wanyama ni mzito kuliko ule wa watu.

Kinachomkinga mlaji ni maandalizi. Machipukizi huoshwa na kulazwa kwenye chombo kipana, kisha hunyunyiziwa majivu ya kuni au bikaboneti ya soda, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Maji yanayochemka humiminwa juu yake, chombo hufunikwa na kuachwa hadi asubuhi. Ukifunua utakuta maji yamegeuka rangi, yamekuwa meusi meusi. Yanamwagwa yote, mboga inasuuzwa, halafu inalowekwa kwenye maji safi yanayobadilishwa mara kadhaa. Joto pamoja na magadi huivunja ptakilosidi, na sehemu kubwa ya inayobaki huondoka na maji. Joto hilo hilo huua kimeng'enya cha warabi kinachoharibu vitamini B1.

Wanaopika mrenda kwa maji ya majivu huko magharibi mwa Kenya wataona kazi hii si ngeni, ingawa wao hutafuta ulaini wa mboga na si kuondoa sumu.

Hata baada ya hapo sishauri kuifanya chakula cha kila siku. Sahani ndogo mara chache kwa msimu, kama wanavyokula wengi kule, inatosha. Na kwa kuwa kangaga ya jamii hii inaota pia Usambara na kwenye miteremko ya Mlima Kenya, naomba mtu asiende kuchuma na kujaribu kwa sababu amesoma hapa.

Je, fuki na machipukizi ya mianzi nayo yana sumu?

Fuki ina alkaloidi zinazoumiza ini zikiliwa kwa wingi. Huchemshwa, hulowekwa, na maji yake hayanywewi. Machipukizi mabichi ya mianzi yana kemikali inayotoa sianidi, jambo ambalo watu wa mihogo michungu wanalijua vizuri. Wajapani huyachemsha kwa muda mrefu pamoja na pumba za mpunga na pilipili, kisha huyaacha yapoe ndani ya maji hayo hayo. Ya kwenye makopo yameshachemshwa.

Nilikuna nagaimo, kiazi kikuu cha Kijapani, mikono na midomo ikaniwasha. Ni mzio?

Inawezekana, lakini mara nyingi ni vijisindano vya oksaleti vinavyochoma ngozi, kama ilivyo kwa magimbi. Osha mikono kwa siki iliyochanganywa na maji. Ukivimba uso au ukipumua kwa shida, huo ni mzio kweli, wahi hospitali.

Basi faida yake kiafya ni nini?

Zina nyuzinyuzi na madini kiasi, ila ukiziloweka usiku kucha vitamini C nyingi inakwenda na maji. Anayekuuzia sansai kavu kwa jina la dawa anakuuzia maneno. Mlo wa Kijapani hupata nguvu zaidi kutoka mboga za kawaida kama figili, kabichi, karoti, majani ya komatsuna na mzizi wa gobo wenye nyuzinyuzi nyingi. Hata hivyo, wenyewe hawafikii lengo lao: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 ulikuta mtu mzima akila wastani wa gramu 280 za mboga kwa siku, wakati lengo ni 350.

Chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Uchunguzi huo huo ulikuta gramu 10.1 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani linataka zisifike 5. Achari za mboga, miso (rojo la soya lililochachushwa) na mchuzi wa soya ndimo inamojificha. Mwenye presha asidanganywe na neno "mboga" kwenye pakiti.

Mama anameza dawa ya kuzuia damu isigande. Anaweza kula majani haya?

Kama dawa ni warfarini, majani ya kijani yenye vitamini K hupunguza nguvu yake. Si lazima aache. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na daktari wake ajue. Anayetumia dawa za kisukari naye awe mwangalifu na goya ya Okinawa, ambayo pwani tunaiita karela: asinywe juisi yake kama tiba juu ya dawa, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Ninaishi Japani na majirani wananialika kuchuma. Niende?

Nenda na mjuzi, ukatazame. Makosa hutokea kwa mimea inayofanana. Majani ya suisen, yaani narsisi, hudhaniwa ni nira, mboga yenye harufu kama kitunguu saumu. Suisen haina harufu hiyo, na mtu huanza kutapika muda mfupi baada ya kula. Seri, mboga ya porini inayoliwa, hufanana na dokuzeri, mmea wa sumu unaoleta degedege. Inusafuran, mmea wa sumu unaodhaniwa kuwa gyōja ninniku, yaani kitunguu saumu cha porini, umeshaua watu. Sumu za mimea hii haziondoki kwa kupika.

Wizara ya afya ya Japani hurudia onyo lake kila mwaka: kama huna uhakika na mmea, usiuchume, usiule, usiuuze, usimpe mtu.

Ukianza kutapika, midomo kufa ganzi au moyo kwenda mbio baada ya kula, piga 119 uombe gari la wagonjwa. Beba mabaki ya chakula na jani bichi kama lipo, ili daktari aweze kuutambua mmea.