Kompyuta Imenyamaza, Lakini Pumzi Umezihesabu?

Naandika kwa wauguzi wenzangu hapa Uganda ambao wodi zao zimeanza kuacha faili za karatasi na kutumia kompyuta inayotoa onyo mgonjwa akishukiwa kuwa na sepsisi.

Sepsisi ni nini?
Ni mwili kupambana na maambukizi hadi ukaanza kujidhuru wenyewe: figo, mapafu, moyo na ubongo vikashindwa kazi. Chanzo huwa nimonia, mkojo, kidonda cha upasuaji, au kizazi baada ya kujifungua.

Onyo la kompyuta linatoka wapi?
Kwenye vipimo unavyoingiza: joto, mapigo ya moyo, presha, pumzi, fahamu. Vikivuka kiwango, onyo linatokea.

Onyo halijatokea. Mgonjwa yuko salama?
Hapana. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima programu ya aina hii inayotumika sana kwao. Iliwakosa takriban theluthi mbili ya wagonjwa wa sepsisi. Nasema tena, hapana. Kompyuta haimwoni mgonjwa, inajua kile tu ulichoandika.

Na tunaandika nini? Hili naliona karibu kila zamu, na linaniuma. Vitanda 12, pumzi 20, 20, 20 mpaka mwisho wa ukurasa. Mama anahema mara 32 kwa dakika, ameandikiwa 20, onyo litatokaje? Mara nyingi pumzi hubadilika mapema, presha ikiwa bado nzuri. Tafadhali, shika saa, tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu dakika nzima. Mtu mzima akifika 22 au zaidi, au namba ya juu ya presha ikiwa 100 kushuka chini, au akianza kuchanganyikiwa, mwite daktari. Usingoje kompyuta.

Hana homa. Tusubiri kidogo?
Hapana. Joto chini ya 36 nalo ni hatari, hasa kwa mzee na mtoto mchanga. Na kipimo cha malaria kuonyesha vimelea hakuondoi sepsisi. "Ni malaria tu" imetucheleweshea wagonjwa wengi mno.

Maonyo ni mengi. Naweza kufunga onyo kwenye skrini?
Ukishafika kitandani na kupima upya, ndiyo. Ukiwa umekaa mezani, hapana. Mgonjwa akiwa kwenye mshtuko, yaani presha imeshuka mno na damu haifiki vizuri mwilini, antibiotiki ya mshipa inatakiwa ndani ya saa 1. Damu ya kuotesha maabara ili kutafuta vijidudu ichukuliwe kwanza, mradi isicheleweshe dawa. Kwa mtoto usifungue dripu kwa kasi bila agizo: utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ulionyesha watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji haraka walikufa zaidi.

Ndugu wa mgonjwa anasema, "Musawo (mhudumu wa afya), mtu wetu amebadilika," na skrini imetulia. Nimwamini nani?
Ndugu. Yeye amekaa pale tangu asubuhi, anamjua mtu wake. Usimwambie "mashine haijasema kitu." Chukua saa yako, nenda kitandani, hesabu pumzi upya.