Viti Maalum: Orodha ya Chama Hufungwa Kabla Hujapiga Kura

Uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 10, 2027 bado haujafika, lakini tayari maswali kuhusu viti maalum, vile vinavyojazwa kupitia orodha za vyama, yameanza kumiminika. Wengi huuliza wamwone nani ili jina la fulani lipitishwe kuwa mbunge au mwakilishi wadi (mjumbe wa bunge la kaunti) wa kuteuliwa. Hakuna wa kumwona. Wengine huja ofisini kwetu na barua ya mapendekezo kutoka kwa mzee wa kijiji, mhubiri au mwenyekiti wa chama wa tawi, wakitaka ipokelewe na kupigwa muhuri. Muhuri tutaupiga, maana ofisi ya umma haikatai barua, lakini barua hiyo haitambadilishia mtu nafasi yake.

Dhana hii ina mizizi. Zamani Rais ndiye aliyekuwa akiwateua wabunge 12 kwa hiari yake. Mageuzi ya mwaka 1997 yakaupeleka uteuzi huo kwa vyama kulingana na nguvu zao bungeni, na Katiba ya 2010 ikaufanya kuwa uchaguzi kamili unaosimamiwa na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Hata hivyo, wananchi wengi wangali wanazungumza kana kwamba tuko mwaka 1992. Huu ni uchaguzi. Haufanyiwi debeni siku ya kura, lakini matokeo yake hutoka debeni.

Utaratibu wenyewe uko katika Kifungu cha 90 cha Katiba na vifungu vya 34 hadi 37 vya Sheria ya Uchaguzi ya 2011. Kila chama hupeleka kwa Tume orodha ya watu wake, wakiwa wamepangwa kwa kipaumbele, angalau siku 45 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa uchaguzi wa 2027, ukihesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 10 unafika Juni 26. Tarehe rasmi itatangazwa na Tume, na tarehe hiyo ndiyo ya kufuatwa, si hesabu yangu. Orodha iwe na majina ya kutosha kujaza viti vyote kana kwamba chama kimeshinda kila kitu. Wanawake na wanaume wapishane. Orodha za Bunge la Kitaifa na Seneti zionyeshe sura ya maeneo na jamii za Kenya. Aliyeorodheshwa awe mwanachama wa chama hicho siku orodha inapowasilishwa, wala si wiki inayofuata baada ya kushindwa katika mchujo wa chama kingine.

Tume ikishaipokea huikagua. Ikitimiza masharti, chama hupewa cheti cha uzingatiaji. Isipotimiza, chama hutakiwa kuirekebisha, na kikishindwa orodha hukataliwa. Baada ya hapo orodha hudumu kwa muhula mzima wa Bunge au bunge la kaunti. Kiti kikibaki wazi kwa kifo, kujiuzulu au kufukuzwa chamani, hukipata anayefuata kwenye orodha ileile na wa jinsia ileile. Chama hakiruhusiwi kuchomeka jina jipya katikati ya muhula. Kwa viti vya Bunge, Spika hutoa notisi ndani ya siku 21 tangu kiti kuwa wazi, nacho hujazwa ndani ya siku 21 tangu notisi hiyo, isipokuwa kama imebaki miezi mitatu au chini ya hapo kabla ya uchaguzi mkuu. Nimeieleza hatua hii kwa urefu kwa sababu kila mbunge maalum anapougua, watu huanza kupeleka wasifu wao.

Viti vyenyewe si vingi kitaifa. Bunge la Kitaifa lina 12, vya kuwakilisha makundi maalum wakiwemo vijana, watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Seneti ina 20: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili, kila jozi ikiwa mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Kijana kikatiba ni mtu aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35. Mwenye miaka 41 asitulazimishe kujadiliana naye.

Kwenye mabunge ya kaunti ndiko hesabu inakokuwa pana, na ndiko malalamiko yanakozaliwa. Huko kuna orodha mbili. Ya kwanza ni ya makundi yaliyotengwa: ina watu wanane, na kati yao angalau wawili wawe wenye ulemavu, wawili vijana na wawili wa jamii iliyotengwa. Ya pili ni ya kusawazisha jinsia, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge zima.

Tuchukue kaunti ya kufikirika yenye wadi 30. Wanaume wameshinda 28, wanawake 2. Ili wanaume 28 wasizidi theluthi mbili, bunge hilo linahitaji wajumbe 42, hivyo wanawake 12 wataongezwa. (Hapa nimeacha kando viti vya makundi yaliyotengwa ili hesabu ionekane.) Ikiwa chama cha kwanza kilishinda wadi 15, cha pili 10 na cha tatu 5, wanawake hao 12 watatoka kwao kwa uwiano wa 6, 4 na 2.

Watachukuliwaje? Orodha inapishanisha mwanamke na mwanamume, lakini kinachotafutwa hapa ni jinsia iliyopungua. Tume itashuka orodha ikiwachukua wanawake kwa mpangilio wao na kuwaruka wanaume. Mwanamume aliyewekwa nambari moja atabaki nje, na mwanamke wa nambari 12 ataingia. Kila muhula mtu huyu wa nambari moja hufika akiwa na nakala ya orodha na wakili. Tunamwelewa. Chama chake kingemweleza mapema, hasa ikiwa alilipishwa pesa ili awekwe juu, jambo tunalolisikia mara kwa mara bila mtu kuwa tayari kuandika taarifa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaadhibu hongo kwa faini isiyozidi shilingi milioni 2, au kifungo kisichozidi miaka 6, au vyote viwili. Faini hiyo haiwezi kutozwa mtu kwa uvumi wa mtandaoni.

Sasa tufike kwenye udhaifu wenyewe wa mfumo, ambao walalamikaji wengi hawaugusi kwa kuwa wanashughulika na majina.

Kifungu cha 90 kinagawa viti maalum kwa uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda, si kwa uwiano wa kura. Tuirudie kaunti ile ya wadi 30 na kuongeza chama cha nne, kilichoshika nafasi ya pili katika kila wadi. Jumla ya kura zake yaweza kukipita chama cha viti 5, hata kile cha viti 10. Lakini hakina kiti, basi hakina mgao. Mgombea huru naye hana chama, na aliyempigia kura hakuongeza chochote kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo kura iliyopotea wadini inapotea mara ya pili kwenye viti maalum. Mfumo huu unaitwa wa uwiano, na kwa maana finyu ni wa uwiano. Unachofanya ni kumwongezea aliyeshinda kwa kadiri alivyokwisha kushinda.

Kuna njia nyingine, na si lazima tuzitafute Ulaya. Jirani zetu wa Tanzania hugawa viti maalum vya wanawake bungeni kwa kura: chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge hushiriki mgao, hata kama majimbo kimeshindwa. Wana malalamiko yao, likiwemo lile la wabunge hao kutokuwa na jimbo la kuwawajibisha, lakini kura ya aliyeshindwa inahesabiwa mahali fulani.

Lesotho ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1998 chama cha LCD (Lesotho Congress for Democracy) kilipata viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Waliobaki wakawa na kiti kimoja. Vurugu zilizofuata ziliwaleta wanajeshi wa Afrika Kusini na Botswana. Kuanzia uchaguzi wa 2002 wakaongeza viti 40 vya fidia juu ya majimbo 80. Viti hivyo huenda hasa kwa vyama vilivyopata kura nyingi kuliko viti vyao, ili jumla ya bunge ifanane na jumla ya kura. Neno la kuzingatia hapo ni fidia. Orodha yetu haifidii mtu. Kenya yenyewe iliwahi kulitazama wazo hilo: rasimu ya katiba ya 2002, ya tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai, ilipendekeza mfumo mchanganyiko wa aina hiyo. Ukaachwa njiani.

Rwanda imechukua njia tofauti: kati ya wabunge 80 wa baraza lao la chini, 53 huchaguliwa kwa orodha za vyama na wagombea huru kwa uwiano wa kura, viti 24 ni vya wanawake, 2 vya vijana na 1 cha mwenye ulemavu. Si kazi ya ofisi hii kusema mfumo upi uchukuliwe. Ni kazi yetu kuwaambia wananchi kwamba ipo zaidi ya mmoja, na kwamba anayesema suluhisho pekee ni kufuta viti maalum ili kubana matumizi ajibu kwanza nini kitakachotokea kwa wanawake.

Maana takwimu hazifichiki. Mwaka 2013 maeneo bunge 290 yalichagua wanawake 16. Mwaka 2017 wakawa 23, na 2022 hawakuzidi 30. Seneti haikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa na kaunti mwaka 2013. Katika chaguzi mbili zilizofuata walikuwa watatu kila mara. Bunge la Kitaifa lenye wajumbe 349, ukiacha Spika, lahitaji angalau wanawake 117 ili kutimiza sharti la theluthi mbili. Ukijumlisha hao 30, wawakilishi wa kike 47 (mmoja kwa kila kaunti) na viti 12, hata kama vyote 12 vingekuwa vya wanawake, bado hufiki. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri Desemba 2012 kwamba utaratibu wa kutimiza sharti hilo uwe umewekwa kufikia Agosti 27, 2015. Haukuwekwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa. Mabunge ya kaunti yanatimiza sharti kwa sababu yana orodha ya kusawazisha. Bunge la Kitaifa halina. Tofauti yote iko hapo. Kuwalaumu wanawake kwamba hawajitokezi, au kuwaita walioteuliwa hawara wa viongozi, hakubadilishi hesabu hiyo, na sioni sababu ya kuendelea kuvumilia lugha hiyo katika vikao vya elimu ya umma.

Kubadili fomula ya Kifungu cha 90 hakuwezi kufanywa kwa sheria ya kawaida, wala kwa kanuni za Tume, wala kwa msimamizi wa uchaguzi wa kaunti yako. Ni marekebisho ya Katiba. Kwa njia ya Bunge, mswada husubiri siku 90 baada ya kusomwa mara ya kwanza katika kila bunge, kisha uungwe mkono na theluthi mbili ya wajumbe wote, katika Bunge la Kitaifa na Seneti, wakati wa kusomwa mara ya pili na ya tatu. Kwa njia ya wananchi, zinatakiwa saini milioni 1 za wapiga kura waliosajiliwa, kisha idhini ya mabunge ya kaunti angalau 24. Na kama ilivyoamuliwa na Mahakama ya Juu Machi 31, 2022 katika kesi ya BBI (mpango wa kubadili Katiba uliojulikana kama Building Bridges Initiative), njia hiyo ni ya wananchi. Rais hawezi kuianzisha.

Kabla ya kufika huko, kuna linalowezekana sasa. Mwanachama wa chama ana haki ya kujua orodha ya chama chake inapangwaje na nani. Kwanza hakikisha uanachama wako kupitia huduma ya Msajili wa Vyama vya Siasa kwenye eCitizen, jukwaa la serikali la huduma za mtandaoni, maana wapo waliojikuta wamesajiliwa katika chama wasichokijua. Ukiwa na mzozo kuhusu orodha, anza na kamati ya chama ya kutatua mizozo, kisha nenda kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa. Mzozo unaotokana na uteuzi na uliofikishwa kwa Tume yenyewe huamuliwa ndani ya siku 10.

Majina yakishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, milango hiyo yote imefungwa. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2016 katika kesi ya Moses Mwicigi: uchapishaji huo unakamilisha uchaguzi, na anayepinga aende mahakama ya uchaguzi. Una siku 28. Kwa mwakilishi wadi ni mahakama ya hakimu iliyoteuliwa na Jaji Mkuu, na kesi huamuliwa ndani ya miezi 6. Rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30, kwa hoja za kisheria pekee. Kwa mbunge au seneta, kesi huanzia Mahakama Kuu. Dhamana ya gharama ni shilingi 100,000 kwa kesi ya mwakilishi wadi na shilingi 500,000 kwa ya mbunge, nayo huwekwa ndani ya siku 10 baada ya kuwasilisha kesi. Barua za malalamiko zinazotufikia baada ya uchapishaji huo tutaendelea kuzijibu, lakini jibu litakuwa anwani ya mahakama.