Hatua 10,000 kwa siku: hiyo namba haikutoka kwa daktari

Jamani hili la hatua 10,000 tulielewe vizuri, maana hapa Moshi kila anayeanza mazoezi anaambiwa asipofikisha hiyo namba hajafanya kitu. Si kweli kabisa. Ilianzia Japani, mwaka 1965, kampuni moja ikatoa kifaa cha kuhesabu hatua kikaitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, kikauzika, ndo namba ikasambaa mpaka kwenye simu zetu.

Mwaka 2019 ukatoka utafiti Marekani wa akina mama zaidi ya 16,000, wastani miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wa 2,700, na faida ikaacha kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Ni watu wazima hao, sawa, lakini inaonyesha kidogo nacho kinahesabika.

Jirani yangu wa Majengo alianza na 10,000 siku ya kwanza, raba za kuazima, siku ya tatu kisigino kimejaa malengelenge akaacha. Iliniuma sana. Tukaanza upya: wiki nzima simu mfukoni bila kubadili chochote, ikasoma 3,000 na ushee, tukaongeza 500 tu, akawa anashuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya Mbuyuni anamalizia kwa mguu. Wiki ikiisha hana maumivu tunaongeza tena 500, akichoka tunabaki palepale. Sasa hivi yuko kwenye 5,500 na raba ni zake.