Mombasa hadi New York: usizihesabu saa za tiketi kwa vidole

Ami yangu wa Majengo alipokatiwa tiketi ya kwenda kwa bintiye New York, alikaa barazani akaisoma. Kuondoka Nairobi 23:00, kufika 06:00. "Masaa saba tu," akasema, "kama basi la usiku." Na dawa zake za sukari akazipanga kwa hesabu hiyo hiyo. Hilo ndilo lililonitia hofu.

Saa za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo. Ya kuondoka ni saa ya Kenya, ya kufika ni saa ya New York, na New York iko nyuma yetu saa nane wakati wa baridi yao; kiangazi huwa saba, kwa kuwa wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Ami alisafiri Januari. Saba jumlisha nane: saa 15 angani, mbali na kipande cha Mombasa–Nairobi na kungoja katikati.

Tarehe ina mtego mbaya zaidi. Tiketi ikiandikwa Ijumaa 00:40, ndege inaruka saa sita na dakika arubaini, usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hivyo uwe uwanjani Alhamisi usiku. Wazee wetu, ambao siku yao huanza magharibi, wataita huo usiku wa Ijumaa, na hapo wanakubaliana na tiketi. Lakini Ijumaa 23:00 kwao ni usiku wa Jumamosi. Nimeona familia ikishusha masanduku uwanjani, ndege yao imeruka jana yake. Mama alikaa juu ya sanduku akalia.

Wengine huchukua rula na ramani ya ukutani. Mstari ulionyooka kutoka Mombasa hadi New York utapita Nigeria, Mali na Mauritania, nao unaonekana mfupi. Sivyo. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote hupanda kaskazini zaidi: Chad, Niger, Algeria, Morocco, kisha Atlantiki. Hiyo ni takriban kilomita 12,260. Ukifuata rula utaongeza zaidi ya kilomita 300. Rubani naye hupinda kidogo huku na huku kwa ajili ya upepo na anga zilizofungwa.

Wapo wanaosema ukielekea magharibi dunia inazunguka kukujia, basi utafika upesi. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachobadilisha muda ni upepo wa juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtu wa pwani anayejua kaskazi na kusi haambiwi mara mbili: kwenda New York unakabiliana nao, kurudi unakusukuma, na kurudi huwa kufupi kwa kama saa moja.

Wala kilomita hazigawanyiki sawasawa kwa saa. Mombasa–Nairobi ni kama kilomita 420, na tiketi husema karibu saa nzima. Nairobi–New York ni mara 28 ya hiyo, lakini si saa 28, maana kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka ndiko kunakokula muda wa safari fupi.

Ami alimrudia daktari wake na hesabu mpya. Saa yake ya mkononi akaiacha kwenye saa za Mombasa mpaka alipotua.