HTML haitaki hesabu, na mambo mengine watu huniambia hapa Kisumu

Jioni nafundisha vijana HTML, ile lugha ya kutengeneza kurasa za mtandao, hapa Kondele, na karibu kila kundi jipya kuna mtu anasema "mwalimu, mimi hesabu ilinishinda kitambo, hii sitaiweza." Huwa naumia nikisikia hivyo, juu hio ndio dhana inafukuza watu wengi kabla hata hawajagusa kibodi. HTML haihesabu kitu. Haijumlishi, haitoi, haina mambo ya "ikiwa hivi fanya vile" kama lugha za kuandika programu. Kazi yake ni kuambia brauza (programu ya kufungua kurasa, kama Chrome) kila kipande cha maandishi ni nini: hiki kichwa, hii aya, hii picha, hapa ukibonyeza unaenda ukurasa mwingine. Ukiandika <h1>Samaki wa Dunga</h1>, tegi ya kwanza, yaani ile alama iko ndani ya < >, inafungua kichwa, ile iko na mkwaju inakifunga. Mtu ameandika barua shuleni akajua anwani inakaa wapi na salamu wapi, huyo wazo lenyewe analo tayari.

Alafu kuna ile ya ati lazima ukue na laptopu na bando. Hapana kabisa. Faili ya HTML ni maandishi matupu, unaeza andika kwa Notepad ama app ya kuandikia kwa simu, unasevu jina liishe na .html, unafungua na brauza data ikiwa imezimwa. Mwanafunzi wangu mmoja anauza omena Kibuye, na ukurasa wake wa kwanza aliuandika wote kwa simu usiku stima zikiwa zimepotea. Kitu ya kuchunga ni Word, juu inachanganya maandishi yako na mapambo yake, na pia Windows inaeza kuficha mwisho wa jina ukadhani umesevu ukurasa.html kumbe ni ukurasa.html.txt, unakaa hapo unashangaa mbona unaona tegi badala ya ukurasa.

Sasa hii inayofuata ndio inaliza watu: "kwangu inafungua, so kila mtu anaona." Faili ikiwa kwa mashine yako ni yako peke yako mpaka uiweke kwa seva, yaani kompyuta iko mtandaoni inayowapa watu kurasa. Na hata ukishaweka, inaeza kukosa picha. Kijana mmoja alitengeneza ukurasa wa samaki wa babake, picha za ngege safi kabisa, kwa laptopu yake kila kitu poa, akapandisha kwa seva akatuma linki kwa familia yote na hakuna picha hata moja ilitokea. Tukafungua faili tukapata ameandika njia ya picha (mahali faili yake inakaa) ikianza na C:, yaani diski ya laptopu yake, yaani anaambia simu ya shangazi yake Nakuru itafute picha ndani ya laptopu iko Kisumu. Tukarekebisha, zingine zikatokea, moja ikakataa, juu faili inaitwa Ngege.JPG na yeye ameandika ngege.jpg. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, lakini seva nyingi zinatumia Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, na Linux inajali.

Ati h1 ni ya kufanya maandishi yawe makubwa? Ukubwa na rangi ni kazi ya CSS, lugha ya kupamba ukurasa, imekuweko tangu 1996. H1 inasema hiki ndicho kichwa kikuu, na mtu asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini huruka kutoka kichwa hadi kichwa akitafuta anachotaka. Ndio maana pia nasisitiza alt, yaani maneno ya kueleza picha, kwa kila picha yenye maana, bila hio huyo mtu umemfungia mlango.

Kukariri tegi zote pia si lazima. Siku hizi ziko zaidi ya 100, lakini orodha ya Tim Berners-Lee, aliyebuni HTML, ya 1991 ilikua na 18 tu, na kumi za kwanza zinakutosha kujenga ukurasa mzima.

Tafadhali usifiche paswedi ndani ya HTML ukidhani haionekani. Mtu yeyote anaeza kufungua msimbo wa ukurasa akasoma kila kitu, hata yale maelezo ya <!-- -->.

Na brauza isipolalamika haimaanishi hujakosea, huwa inasamehe sana. Sahau kufunga <strong>, tegi ya maneno ya kusisitiza, uone vile maneno yote yanayofuata yatakua ya herufi nene, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuja. W3C, shirika la viwango vya wavuti, wako na kikaguzi cha bure, bandika msimbo wako hapo kitakuonyesha laini gani iko na shida.