Mstari mmoja unasimamia nini? Kupanga kategoria za kamusi ya data ya fuwele

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Mtwara tunapopanga kamusi ya data ya fuwele, yaani maelezo ya majedwali yatakayohifadhi vipimo vya fuwele zetu, huniuliza swali hili mara kwa mara: "Mwalimu, kwa nini tusiweke kila kitu kwenye jedwali moja?" Wana jasi ya Kilwa, kinywe (grafiti) cha Ruangwa na chumvi ya mashamba ya huku pwani. Wanataka kila sampuli ipate mstari wake, kazi iishe.

Nawaambia jina la kategoria, yaani la jedwali, lisubiri. Kwanza tujue mstari mmoja wa jedwali unasimamia nini, na kitu gani kinautofautisha na mwingine. Hicho ndicho ufunguo. Kategoria isiyo na ufunguo unaoeleweka hugeuka kuwa stoo.

Bahati nzuri hatuanzi upya. Muungano wa Kimataifa wa Elimu ya Fuwele, IUCr, una mfumo wa faili uitwao CIF, uliochapishwa mwaka 1991. Kamusi zake hueleza kila kipengele: aina ya thamani, kizio chake, mipaka yake na kategoria yake. CELL hubeba vipimo vya seli, yaani kile kisanduku kidogo kinachojirudia ndani ya fuwele. SPACE_GROUP hubeba ulinganifu, yaani kanuni za jinsi sehemu moja ya seli inavyorudiwa kuzalisha nyingine. ATOM_SITE hubeba mahali pa atomu.

Hebu tuchukue jasi, CaSO4·2H2O. Seli yake ina atomu 48, lakini jedwali la ATOM_SITE huhitaji mistari saba tu: kalisi mmoja, salfa mmoja, oksijeni mbili za salfeti, oksijeni ya maji na hidrojeni zake mbili. Zilizobaki huzalishwa na ulinganifu. Kwa hiyo mstari pale si atomu, ni mahali, na ufunguo wake ni lebo ya mahali hapo. Mtu akilichukulia kuwa jedwali la atomu, ataanza kuongeza mistari ambayo ulinganifu umeshaizalisha, na idadi ya atomu haitalingana na fomula ya kemia.

Ukihamia kwenye GEOM_BOND, kategoria ya bondi kati ya atomu, ufunguo unabadilika. Kalisi ya jasi imezungukwa na oksijeni nane: sita za salfeti na mbili za maji. Hizo mbili za maji zina lebo moja, kwa sababu zinatokana na mahali pamoja. Ukifanya lebo mbili za ncha za bondi kuwa ufunguo, bondi ya pili itaonekana ni marudio ya ya kwanza na programu itaifuta. Ndiyo maana ufunguo wa GEOM_BOND unachukua pia alama ya ulinganifu iliyoipeleka kila atomu mahali pake. Ukinitaka mfano mmoja tu wa kufundishia usanifu wa kategoria, nitakupa huu.

Jasi hiyohiyo ina mtego mwingine. Mtafiti mmoja ataeleza seli yake kwa ulinganifu uitwao I2/a: urefu wa pande zake, a ni angstromu 5.68 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), b 15.20, c 6.52, na pembe beta, iliyo kati ya a na c, nyuzi 118.4. Mwingine atatumia jina C2/c: a 6.28, b 15.20, c 6.52, beta 127.4. Piga hesabu ya ujazo. Zote mbili zinatoa takriban angstromu za ujazo 495. Muundo ni uleule, mihimili ndiyo imechaguliwa tofauti. Lakini namba za mahali pa atomu nazo hubadilika, kwa hiyo seli, ulinganifu na mahali pa atomu lazima visafiri pamoja.

Ndani ya faili ya CIF ya kawaida usafiri huo hauonekani, kwa sababu vyote vimo kwenye bloku moja ya data, yaani sehemu ya faili inayoeleza muundo mmoja, na bloku ndiyo inayovifunga. Ukikusanya bloku nyingi kwenye hifadhidata moja, kifungo hicho kinakatika kimyakimya. Lugha mpya ya kuandikia kamusi hizi, DDLm, hutofautisha wazi kategoria yenye mstari mmoja tu kwa bloku na ile yenye mistari mingi. Kwetu sisi nimesisitiza zaidi: kila kategoria ya muundo ibebe kitambulisho cha muundo, hata pale kinapoonekana hakina kazi.

Ujazo hatuuandiki kwa mkono. Unakokotolewa kutoka kwenye seli. Halijoto nayo hatuiweki CELL. Ni hali ya kipimo, na fuwele moja inaweza kupimwa kwenye halijoto kadhaa. Kijiji ilikochimbwa jasi ni habari ya sampuli.

Vijana wameomba pia kategoria iitwayo "madini", na hapo nimekataa. Kinywe kinatosha kuonyesha sababu. Ni kaboni tupu, lakini tabaka zake zikipangana kwa zamu ya mbili, yaani mpangilio ukijirudia kila baada ya tabaka mbili, tunapata muundo wa heksagoni, c ikiwa angstromu 6.71, zikipangana kwa zamu ya tatu tunapata muundo mwingine, wenye c ya takriban 10.06. Kipande kimoja kinaweza kuwa na yote mawili. Jina "kinywe" tumeliweka kwenye kategoria ya sampuli, na sampuli moja inaruhusiwa kuelekeza kwenye miundo zaidi ya mmoja.